Tuandike Yote Kwanza, au Tujifunze Tukijenga?

Chama cha akiba na mikopo cha walimu kinataka mfumo mpya wa kompyuta wa kusimamia mikopo. Fedha zimetengwa, bodi imeridhia, na kabla zabuni haijatangazwa watu watatu wameketi kuandaa hadidu za rejea. Mhazini, mwalimu mstaafu wa fizikia, anataka kila hitaji liandikwe, lisainiwe na kufungwa kabla fundi hajagusa kompyuta. Fundi wa programu, kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, anataka kuanza na kipande kidogo na kujifunza kutokana na watumiaji. Mchambuzi wa biashara amewekwa katikati, na wote wawili wanamshuku kwamba atawaongezea karatasi.

Chama hiki na sauti hizi ni za kubuni. Visa vya London, Nairobi na Mirihi wanavyotoleana kama ushahidi ni vya kweli.

MHAZINI: Nianze mimi, maana fedha tunazozizungumzia ni makato ya mishahara ya walimu. Msimamo wangu ni huu: kila tunachokitaka kiandikwe, bodi ipitie, isaini, na baada ya hapo neno lisiongezwe wala lisipunguzwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku fundi atakapodai malipo, nifungue kitabu, nilinganishe kilichoandikwa na kilicholetwa, basi.

FUNDI: Mama, naomba nikupinge kwa heshima. Kitabu hicho utakiandika leo kuhusu mfumo ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuuona ukifanya kazi. Mimi nitajenga kila ukurasa kama ulivyo, nitalipwa, nitaondoka. Baada ya miezi sita makarani watarudi kwenye daftari, kwa sababu mfumo unawadai taarifa ambazo mwanachama hana. Utabaki na saini zote, mfumo huna.

MCHAMBUZI: Kabla hamjafika mbali, tutenganishe haja na hitaji. Haja ni tatizo au fursa inayokisukuma chama kubadilika: mwalimu anaomba mkopo wa dharura, anasubiri wiki tatu, na mgonjwa wake yuko hospitalini. Hitaji ni kauli inayoeleza suluhisho lifanye nini ili haja hiyo iishe. Mwongozo wa IIBA, taasisi ya kimataifa ya wachambuzi wa biashara iliyoanzishwa mwaka 2003 nchini Kanada, unaiweka haja miongoni mwa mawazo makuu ya kazi hii. Mama, nimesoma orodha yako. Hitaji la 17 linasema mfumo uchapishe fomu ya mkopo nakala tatu. Haja yake ni ipi?

MHAZINI: Moja ya mkopaji, moja ya kamati ya mikopo, moja ya faili. Ndivyo tunavyofanya miaka yote.

MCHAMBUZI: Kamati ikiweza kuiona fomu kwenye skrini, nakala yake inabaki na kazi gani?

MHAZINI: Wadhamini husaini juu yake. Mdhamini asiposaini kwa mkono wake, siku ya kudaiwa atakana kwamba hamjui hata huyo aliyekopa.

MCHAMBUZI: Sasa tumeifikia haja: ushahidi kwamba mdhamini aliridhia. Karatasi inaweza kuitimiza, alama ya kidole inaweza, na namba ya siri kwenye simu yake huenda ikaweza. Wewe uliniletea suluhisho moja ukaliita hitaji. Kuibua mahitaji ndiko huku: kumuuliza mtu hadi haja yake ionekane, kukaa kaunta ukamtazama karani akihudumia, kusoma fomu za zamani na kuona ni visanduku gani havijawahi kujazwa.

MHAZINI: Sawa, nimekubali. Lakini hapo umenipa sababu nyingine ya kuandika, ili kesho asije mwingine akabadilisha maana.

FUNDI: Dada, uulizaji wako mzuri, ila taaluma yenu imewahi kuandika waraka mnene na kuua mfumo. Oktoba 26, 1992, huduma ya magari ya wagonjwa ya London iliwasha mfumo wa kompyuta wa kupanga na kutuma magari. Waraka wa mahitaji ulikuwa na undani mkubwa. Uchunguzi uliotolewa Februari 1993 ulisema waraka huo uliagiza mambo kwa ukali kiasi cha kuacha nafasi ndogo ya mawazo mengine. Wahudumu wa kwenye magari, ambao ndio wangeutumia, walishirikishwa kidogo mno.

MHAZINI: Ukaharibika vipi?

FUNDI: Mfumo ulihitaji kujua, karibu bila kosa, kila gari liko wapi na linafanya nini. Barabarani mawasiliano ya redio yalikatika, na wahudumu walibonyeza vitufe visivyo sahihi au hawakubonyeza kabisa. Kompyuta ikawa inatuma zaidi ya gari moja kwa mgonjwa mmoja, na kwingine inaliruka gari lililo karibu. Ujumbe wa tahadhari ukarundikana hadi ule wa maana ukasukumwa nje ya skrini. Waliosubiri wakapiga simu upya, na simu hizo zikaongeza mrundikano. Siku ya pili wakarudi nusu kwenye utaratibu wa zamani. Novemba 4 alfajiri mfumo ukasimama kabisa. Karatasi zote zilikuwepo, mama.

MCHAMBUZI: Kisa hicho kinaihukumu kazi yangu, na sikikwepi. Ila kina makosa mawili yenye majina. La kwanza ni wadau. Mdau ni yeyote anayeguswa na mabadiliko, au anayeweza kuyaendesha au kuyakwamisha. Meneja ni mdau, na dereva aliye kwenye foleni saa tisa usiku ni mdau pia. Waraka wenye sauti ya ofisini peke yake unaweza kuwa na undani wote na usiwe na ukweli wa barabarani. La pili ni dhana, yaani jambo tunalolichukulia kuwa kweli bila kulithibitisha. “Mahali pa kila gari patajulikana” ilikuwa dhana. Dhana huwekwa kwenye orodha yake, ikiwa na jina la mtu atakayeijaribu na tarehe ya kuijaribu.

MHAZINI: Na sisi tunazo?

MCHAMBUZI: Tunazo tele. Msizichanganye na vikwazo. Kikwazo ni kitu tunachojua hakisogei: bajeti iliyopitishwa na mkutano mkuu, au Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, ambayo haitatungoja tumalize kubishana. Dhana ni kama ile iliyomo kwenye hitaji lako la 40, kwamba kila mwanachama ana simu yake.

MHAZINI: Hiyo alitia katibu, na si kweli hata kidogo. Tunao wastaafu kijijini wanaotumia simu za watoto wao, na namba ya siri anaijua mjukuu.

FUNDI: Basi namba ya siri ya mdhamini aliyoitaja dada imeanguka hapohapo. Na imeanguka kwa mazungumzo, mama. Kitabu hakijasema kitu.

MHAZINI: Usishangilie bado. Ule mfumo wa London, Novemba, ulisimamishwa na nini?

FUNDI: Hilo... lilikuwa kosa la watu wangu. Mtayarishaji programu aliacha kipande cha msimbo wiki tatu kabla, kikawa kinakula kumbukumbu ya kompyuta kidogo kidogo kila gari lilipotumwa, hadi ikaisha. Na mashine ya akiba haikushika nafasi.

MHAZINI: Kumbe. Sasa kwenye hizo “hadithi za watumiaji” unazopenda, zile kadi za mstari mmoja, ni mtumiaji gani angekuja kukuambia anataka mashine ya akiba ishike nafasi?

MCHAMBUZI: Swali zuri, kwa sababu linagawa mahitaji katika mafungu. Kuna mahitaji ya biashara: chama kinataka kufika wapi, mfano mkopo wa dharura utoke ndani ya siku mbili. Kuna mahitaji ya wadau: karani, mkopaji, mdhamini na mkaguzi, kila mmoja anahitaji nini. Kisha yapo ya suluhisho lenyewe, nayo ni ya aina mbili. Mahitaji ya kazi yanasema mfumo ufanye nini: ukokotoe riba, umtumie mdhamini ujumbe. Mahitaji ya ubora yanasema uifanye kazi hiyo kwa kiwango gani: kasi, usalama, uimara, kurudi kazini baada ya umeme kukatika. Hadithi ya mtumiaji huibua vizuri mahitaji ya kazi. Ya ubora hujificha, kwa sababu mtu huyakumbuka siku yanapokosekana.

FUNDI: Nayaandika pia, dada. Huwa naweka “mfumo uwe wa haraka”.

MHAZINI: Haraka kwa saa ya nani?

MCHAMBUZI: Mama amekumaliza. Kila hitaji lifuatane na vigezo vya kukubalika, masharti yatakayotuonyesha kwamba limetimia. Tuandike: siku ya mshahara, wanachama 200 wakiuliza salio kwa wakati mmoja, kila mmoja ajibiwe ndani ya sekunde tano. Hapo mjenzi anajua analenga wapi, mpimaji anajua apime nini, na mhazini anajua alipe au asilipe. Fungu la mwisho ni mahitaji ya mpito, na hili husahauliwa kuliko yote: kuhamisha salio za zamani, kufundisha makarani, kuendesha mfumo na daftari sambamba kwa muda. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilipohamisha seva za M-Pesa, huduma yake ya fedha kwa simu, kutoka Ujerumani kwenda Kenya mwaka 2015, kuhama kwenyewe hakukumpa mteja kitufe kipya cha kusherehekea. Kuhama huko kulikuwa kazi ya mpito.

FUNDI: Umeitaja M-Pesa mwenyewe, sasa nisikilizeni. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio Nairobi na Thika kwa wateja wapatao 500, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Sehemu ya fedha ilitoka kwenye mfuko wa serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa mkopaji apokee mkopo na kuurejesha kwa simu. Mfumo ulifanya hivyo, lakini watu wakautumia kwa shughuli zao. Mtu aliweka fedha mji mmoja akazitoa mwingine ili asisafiri na noti mfukoni. Wafanyabiashara walilipana wenyewe kwa wenyewe. Mwingine alimlipia mwenzake rejesho, naye akalipwa kwa huduma. Wakati huohuo Faulu ilihangaika kuoanisha malipo ya simu na hesabu zake za vikundi. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando na ujumbe umebaki mmoja: tuma pesa nyumbani. Mama, kama bodi ingekuwa imefunga kitabu mwaka 2005, leo tungekuwa na mfumo mzuri wa marejesho ambao haujulikani nje ya Nairobi na Thika.

MHAZINI: Na fedha za wateja zilikaa wapi?

FUNDI: Huduma ilipozinduliwa ziliwekwa kwenye akaunti ya amana benki, mbali na fedha za Safaricom yenyewe. Na kulikuwa na kikomo cha kiasi ambacho mtu angeweza kutuma.

MHAZINI: Na kama mtu ametuma shilingi mia tano, ilikuwa ruhusa ifike mia nne “ili tujifunze”?

FUNDI: Hapana, mama.

MHAZINI: Basi yapo mambo ambayo hata hao wajifunzaji wako waliyafunga tangu mwanzo. Walijifunza watu wanataka kuitumia fedha vipi, lakini usalama wa fedha hawakuuchezea. Mimi nikisema tufunge, ndicho ninachokilinda.

MCHAMBUZI: Mama, hilo ndilo pambano letu zima, na umelisema vizuri kuliko vitabu vyangu. Riba inavyokokotolewa, mkopo usizidi mara tatu ya akiba, mtu asiidhinishe mkopo wake mwenyewe: hizi ni kanuni za biashara. Zingekuwepo hata tungeendelea na kalamu, nasi tunazijua. Hizo ziandikwe na kufungwa leo. Skrini ya karani ipangwe vipi, mstaafu asiye na simu aridhie udhamini kwa njia gani, hayo hatuyajui. Kuyaandika kwa uhakika tusiokuwa nao ni kuigeuza dhana kuwa amri.

MHAZINI: Lakini msidhani nilichoandika kinalindwa na wino. Nilipokuwa nafundisha vipimo, kila mwaka niliwasimulia wanafunzi kuhusu Mars Climate Orbiter. Chombo cha Marekani, dola milioni 125, kilipotea Septemba 23, 1999 kikikaribia Mirihi. Programu moja ya ardhini ilitoa msukumo wa injini kwa paundi-sekunde, iliyopokea ikauchukulia kuwa nyutoni-sekunde. Tofauti ya takriban mara nne na nusu. Chombo kikapita karibu mno na sayari.

FUNDI: Na maandishi yalisemaje?

MHAZINI: Maandishi yalitaka mfumo wa metriki. Hitaji lilikuwepo, na lilikuwa sahihi.

FUNDI: Kwa hiyo hayakusaidia.

MHAZINI: Hayakusaidia kwa sababu hayakupimwa. Na ni maandishi hayohayo yaliyowawezesha wachunguzi kujua upande upi ulikwenda kinyume. Usipoandika, ajali ikitokea mtabaki kunyoosheana vidole.

MCHAMBUZI: Visa vyenu viwili vinatenganisha kazi mbili ambazo miradi mingi huzifanya moja. Uhakiki unauliza: tulichojenga kinalingana na kilichoandikwa? Mars Climate Orbiter ilianguka hapo. Uthibitishaji unauliza: kilichoandikwa kinaiondoa haja? Majaribio ya M-Pesa yangeshinda uhakiki, maana mkopo ulirejeshwa kwa simu kama ilivyokusudiwa. Ni uthibitishaji uliofichua kwamba haja kubwa zaidi ilikuwa kwingine. Fundi, wewe unapenda kuthibitisha na unauona uhakiki kama ukarani. Mama anapenda kuhakiki, na uthibitishaji anauona kama kisingizio cha kuchelewa.

FUNDI: Tukubaliane basi. Tuanze na kila kitu kilicho “lazima”.

MHAZINI: Orodha yangu yote ni lazima.

MCHAMBUZI: Orodha ambayo yote ni lazima haijapangwa. Tangu mwaka 1994, Dai Clegg alipokuwa kampuni ya programu ya Oracle, kuna utaratibu wa mafungu manne: lazima, inapaswa, ingefaa, na si kwa sasa. Fungu la nne ndilo lenye faida kubwa, kwa sababu linamwambia mdau kwamba amesikika na bado hatapewa. M-Pesa iliweka mikopo kando mwaka 2007, na mikopo ikaja kwa sura nyingine Novemba 2012, kupitia M-Shwari, ikiwa na benki nyuma yake na wateja wengi mbele yake. “Si kwa sasa” haikuwa kaburi.

MHAZINI: Na wigo? Hawa vijana huanza na mikopo, ukigeuka kuna ukurasa wa kuuziana viwanja.

FUNDI: Mama, viwanja alidai mjumbe wa bodi!

MHAZINI: Ndiyo maana nataka kufunga.

MCHAMBUZI: Wigo ni mpaka wa kazi: kilichomo na kisichokuwemo. Hunenepa kimyakimya, kwa maombi madogo ambayo kila moja peke yake linaonekana halina gharama. Dawa yake ina sehemu tatu. Kwanza, toleo la msingi: mahitaji yaliyoidhinishwa kufikia tarehe fulani, ambayo kila badiliko litapimwa dhidi yake. Pili, udhibiti wa mabadiliko: ombi liandikwe, athari zake kwa fedha, muda na mahitaji mengine zikadiriwe, kisha mwenye mamlaka aseme ndiyo au hapana. Tatu, jedwali la ufuatiliaji. Mstari mmoja kwa kila hitaji: limetoka kwa nani, linatumikia haja gani, limejengwa kwenye sehemu gani ya programu, limepimwa kwa jaribio gani. Ombi la viwanja likifika, tutafute haja yake kwenye jedwali. Ikikosekana, mjumbe aipeleke mkutano mkuu kama haja mpya, na fedha zake.

FUNDI: Jedwali nalikubali. Nikibadilisha fomula ya riba nitajua majaribio gani niyarudie. Lakini nani ataidhinisha mabadiliko? Bodi inakaa kila baada ya miezi mitatu. Nikingoja bodi inikubalie kuhamisha kitufe, nitazeekea hapa.

MHAZINI: Na nikikuachia wewe, kitufe kitahamia kwenye akaunti yako.

FUNDI: Mama!

MHAZINI: Natania, mwanangu. Nusu.

MCHAMBUZI: Tugawe mamlaka kwa uzito wa kosa. Badiliko linalogusa kanuni za fedha, taarifa binafsi au bajeti liende bodi, hata likichelewa. Linalogusa namna karani anavyofanya kazi liamuliwe na mkuu wa ofisi pamoja na karani mwenyewe, ndani ya wiki. La mpangilio wa skrini uamue wewe, ulirekodi.

FUNDI: Na lisilojulikana ni la uzito gani?

MHAZINI: Hilo ni la bodi.

FUNDI: Hilo ni la wiki!

Hapo hawakupatana, na sidhani kama walipaswa. Kila chama kitaweka mpaka huo kulingana na kinavyoogopa kupoteza fedha na kinavyoogopa kuchelewa. Hata wale watayarishaji programu 17 waliokutana Utah, Marekani, Februari 2001, na kutangaza kwamba programu inayofanya kazi inazidi nyaraka nyingi, walikiri palepale kwamba nyaraka nazo zina thamani. 

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba ugomvi wa kuandika kwanza au kujenga kwanza ni mdogo kuliko unavyoonekana. London waliandika mengi, wakakosa kumuuliza dereva. Kwenye safari ya Mirihi waliandika sahihi, wakakosa kupima. Nairobi na Thika walianza na hitaji moja, wakawa na macho ya kuona haja nyingine, na walipokwenda sokoni fedha za wateja zilikuwa mahali salama. Kinachozitenganisha kazi hizi tatu ni kama kila hitaji lilibaki na watu na maswali yake: nani analihitaji, kwa haja gani, tutajuaje limetimia, na nani ana ruhusa ya kulibadilisha. Istilahi zote zilizotajwa hapa, kuanzia mdau hadi jedwali la ufuatiliaji, ni njia za kuyazuia maswali hayo yasipotee mradi unapokua.

Chukua basi hadidu za rejea za mfumo wowote unaokaribia kununuliwa ofisini kwako, na usome mistari kumi ya mwanzo ukiwa na maswali hayo manne. Huenda ukakuta mfumo unatakiwa kuwa “wa kisasa, rafiki kwa mtumiaji na wenye usalama wa hali ya juu”. Mstari huo hautaji mdau, haja wala kipimo. Mzabuni atausaini bila wasiwasi, kwa kuwa hakuna atakayeweza kuonyesha kwamba hakuutimiza, na mlipaji atalipa kwa sababu hiyohiyo.